Mbegu ya Amani na Mfuko wa Mgeni

Pakitajwa utamaduni wa taifa, wengi wetu hukumbuka ngoma, mashairi, vinyago na mavazi, na waliosoma zaidi huongeza lugha. Hatuna ugomvi nao. Lakini ni nadra kumsikia mtu akitaja shamba la majaribio, au maabara, au daftari la karani aliyepima mvua ya kijiji kimoja kwa miaka ishirini bila kuacha siku. Mambo hayo huhesabiwa kuwa ya wataalamu, na gharama zake huhesabiwa kuwa anasa ambayo nchi maskini yaweza kuiahirisha mpaka hapo itakapotajirika. Sisi twayapinga mawazo hayo. Twasema kwamba namna taifa linavyoyatafuta maarifa mapya ni sehemu ya utamaduni wake kama ilivyo lugha yake, na kwamba taifa linalowaachia wageni kulipia utafiti wake limekwisha waachia pia kuyachagua maswali yake.

Dai hili hatutaki kulijenga kwa maneno makubwa. Tutalijenga kwa muhogo.

Muhogo wenyewe ni mgeni. Asili yake ni Amerika ya Kusini, na Wareno ndio walioufikisha Afrika. Lakini hapana mtu wa Tanga, wa Mtwara, wa Mwanza ama wa Kigoma atakayekubali leo kuambiwa kwamba muhogo si wake. Mahindi yakikauka, muhogo hubaki ardhini ukimngoja mwenyewe. Hata hivyo, kwa zaidi ya miaka mia moja mmea huu umeandamwa na maradhi mawili. La kwanza ni batobato, linaloyakunja majani na kuyatia mabaka ya manjano. La pili ni michirizi ya kahawia, nalo ni la hila zaidi. Mti huweza kusimama vizuri, majani yakaonekana mazima, na mkulima akangoja mwaka mzima kwa matumaini. Siku ya kuchimba akakuta mizizi imeoza kwa ndani, imejaa mabaka magumu ya kahawia, haifai kuliwa wala kuuzwa.

Maradhi yote mawili yaliandikwa katika vitabu vya sayansi kwa mara ya kwanza kutokana na mihogo ya huku kwetu. Batobato liliandikwa na Mjerumani Otto Warburg mwaka 1894. Michirizi ya kahawia iliandikwa mwaka 1936 na H. H. Storey, Mwingereza aliyefanya kazi katika kituo cha Amani, milimani Usambara, mkoani Tanga. Msomaji na aiweke miaka hiyo akilini, maana tutairudia.

Kituo cha Amani kilijengwa na Wajerumani mwaka 1902. Hawakukijenga kwa kuuhurumia muhogo wa mtu. Walitaka kujua ni mimea gani itakayolipa katika koloni lao: mpira, kahawa, mkwinini, nyuzi. Wao na Waingereza waliowafuata walijua jambo moja ambalo sisi tumelisahau, nalo ni kwamba zao lisilo na watafiti halina wakesho. Kwa hiyo kila zao lililowatajirisha wakalipa nyumba yake. Kahawa ikapata Lyamungu, karibu na Moshi, mwaka 1934. Pamba ikapata Ukiriguru, karibu na Mwanza. Mkonge ukapata Mlingano, hapo hapo Tanga. Mkonge ulikuwa umeletwa na Richard Hindorf mwaka 1893, nao ulifika miche 62 tu iliyo hai kati ya elfu moja iliyoagizwa kutoka Florida. Katika miaka ya 1930 wataalamu wa Tanga walizalisha mkonge chotara uliopewa namba 11648. Chotara huyo baadaye alichukuliwa China, na mpaka leo ndiye mkonge mkuu unaolimwa huko. Wachina waliuchukua mkonge wa Tanga wakaulipia utafiti wao wenyewe. Sisi tulioubuni nchini mwetu tuliutazama uzalishaji wetu ukishuka kutoka zaidi ya tani laki mbili mwaka 1964 hadi sehemu ndogo tu ya hizo kufikia mwisho wa karne.

Twasimulia haya si kwa ajili ya kuwasifu wakoloni. Mtu awezaye kumlima mwenzake kama ng'ombe hastahili sifa kwa kuwa alimlisha jembe zuri. Twasimulia ili ionekane kwamba utafiti hufuata mfuko kama mbwa amfuatavyo mwindaji. Mkonge, kahawa na pamba vilikuwa na wenyewe wenye fedha na sauti, vikajengewa vituo. Muhogo ulikuwa wa mama mwenye shamba la ekari moja, ukapewa meza moja katika nyumba ya wengine.

Juu ya meza hiyo, hata hivyo, ilifanyika kazi ya ajabu. Storey na wenzake waliona kwamba hakuna muhogo wa kawaida uliokuwa na kinga ya kutosha dhidi ya batobato. Wakautafuta ndugu wa muhogo asiyeugua, wakampata katika mti ambao Wajerumani waliwahi kuulima kwa ajili ya mpira. Mti huo una kinga, ila hauna mzizi wa kuliwa. Wakauchavusha muhogo kwa ule mpira, wakapata chotara, wakamchavusha chotara kwa muhogo tena, wakachagua, wakarudia, kizazi baada ya kizazi. Katika kila kizazi maelfu ya miche ilipandwa, ikaachwa iugue, na iliyougua ikang'olewa. Kazi hiyo ilianza katikati ya miaka ya 1930, ikapita katika vita kuu ya pili, na mmoja baada ya mwingine watu wakapokezana. Asiyewahi kulima atadhani ni muda mrefu mno. Mkulima atajua kwamba muhogo haumjibu mtu kabla ya mwaka kwisha, na kwamba vizazi kumi vya muhogo havipatikani kwa haraka ya mhasibu.

Mwaka 1948 makao ya utafiti wa kilimo wa Afrika Mashariki yalihamishiwa Muguga, nchini Kenya, na majengo ya Amani yakaingia katika utafiti wa malaria. Uzalishaji wa mihogo uliendelea kwa muda, kisha mwishoni mwa miaka ya 1950 ukafungwa. Mkulima wa Muheza hakuulizwa. Angeulizwa na nani? Mfuko haukuwa wake.

Sasa tazama safari ya mbegu hiyo. Kabla ya kazi kufungwa, mbegu za chotara mmoja wa Amani zilipelekwa Nigeria, zikapandwa huko Ibadan, na katika miche iliyotoka ukachaguliwa mmoja uliostahimili sana batobato. Mwaka 1967 ikaanzishwa Ibadan taasisi ya kimataifa ya kilimo cha nchi za joto. Katika miaka ya 1970 wataalamu wake wakaufanya mche ule kuwa mzazi wa mihogo mingi iliyoenea Afrika Magharibi. Mwishoni mwa miaka ya 1980 batobato jipya, kali kuliko la zamani, likazuka Uganda na kuteketeza mashamba wilaya baada ya wilaya, mpaka njaa ikaingia katika nyumba zilizoutegemea muhogo. Mihogo iliyoziokoa nyumba hizo, ambayo Waganda waliiita Nase, ilitoka Ibadan. Na mwishoni mwa miaka ya 1990 ugonjwa huo huo ukavuka mpaka ukaingia Kagera, nasi tukaenda kuomba mbegu.

Tulikwenda kuomba mjukuu wa Amani! Hatusemi hivi kwa kuwalaumu Wanigeria, ambao waliitunza amana wakaiendeleza, wala hatudai fidia ya mbegu. Mbegu ni mali ya wanadamu wote, na muhogo wenyewe tuliupata kwa wengine. Twasema tu kwamba mtu aliyeizaa dawa na kuitupa, kisha akaenda kuiomba ugenini miaka arobaini baadaye wakati watoto wamekwisha kufa njaa, ana jambo la kujiuliza.

Liko na la pili, nalo hutugusa zaidi sisi tunaoandika juu ya utamaduni. Amani haikushughulikia batobato peke yake; baadhi ya machotara yake yalistahimili michirizi ya kahawia. Kituo kilipofungwa, mengi yalipotea. Moja lililokuwa na namba 46106/27 halikupotea, kwa sababu lilikuwa limefika mashambani. Wakulima wa Pwani walilipenda, wakalikata pingili, wakampa jirani, wakampa shemeji, na kwa kuwa mkulima hapandi namba, wakalipa jina: Namikonga. Pwani ya Kenya wakaliita Kaleso. Kwa miongo kadhaa hapakuwa na ofisi yoyote iliyojua kwamba Namikonga na Kaleso ni mmea mmoja. Wataalamu walikuja kulithibitisha hilo kwa kupima vinasaba katika karne hii. Mwaka 2004 michirizi ya kahawia, iliyokuwa imedhaniwa kuwa ni ugonjwa wa nchi za chini tu, ilionekana Uganda, juu nyandani. Watafiti walipoanza kutafuta kinga, mojawapo ya mimea ya kwanza waliyoikimbilia ilikuwa ni Namikonga.

Kumbukumbu za taifa, basi, hazikutunzwa na wizara. Zilitunzwa na bibi mwenye jembe, bila mshahara wala bajeti. Naye hakujua kwamba anatunza kazi ya miaka ishirini ya maabara. Alijua tu kwamba muhogo huu hauozi.

Tukirudi sasa kwenye ile miaka tuliyoomba ikumbukwe. Michirizi ya kahawia iliandikwa mwaka 1936. Tangu Amani kufungwa, ugonjwa huu uliendelea kula mashamba ya Mtwara, Lindi, Pwani na Tanga kwa zaidi ya miaka thelathini huku ukiandikwa kwa nadra sana. Kwa nini? Haukuwako Ulaya. Haukuwako Marekani. Haukuugusa mkonge wala kahawa. Nasi wenye ugonjwa hatukuwa na mfuko. Hapa ndipo tunapowajibu wale wasemao kwamba nchi changa haina haja ya kutafiti, inatosha iazime matunda ya utafiti wa wenzake. Twakubali kwamba yako mengi ya kuazima. Sheria za umeme ni zile zile Dodoma na London. Lakini ugonjwa usiokuwako kwa jirani, jirani hana dawa yake ya kukuazima. Udongo wetu, mvua zetu, mbu wetu, lugha zetu, ni maswali ambayo tusipoyauliza sisi hayataulizwa, au yataulizwa kwa namna inayomfaa muulizaji.

Wako pia wanaosema: "Shule hazina madawati, zahanati hazina dawa, mwawezaje kudai fedha za watafiti?" Hoja hii ni nzito, na anayeitoa mara nyingi ana uchungu wa kweli. Lakini inafanya utafiti ushindane na dawati, kana kwamba vyote viwili havishindani na mengine yasiyotajwa. Zaidi ya hayo, mwenye shamba akiwa na njaa hula mahindi yake, ila hali mbegu. Akila mbegu, watu wa kijijini humwona kuwa amerukwa na akili. Hatujui kwa nini serikali ikifanya hivyo iitwe kubana matumizi.

Viongozi wa Afrika hawakuwa vipofu katika jambo hili. Katika Mpango wa Utekelezaji wa Lagos wa mwaka 1980 walikubaliana kwamba kila nchi ielekeze kwenye sayansi na teknolojia kiasi cha asilimia 1 ya pato lake, na Umoja wa Afrika ukalirudia neno hilo mwaka 2007. Tanzania ilikuwa na Baraza la Utafiti wa Sayansi tangu 1968, kisha kwa sheria ya mwaka 1986 ikaunda Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, na baadaye ukawekwa mfuko, MTUSATE. Kenya ikaenda mbali zaidi: sheria yake ya mwaka 2013 ilitaja asilimia 2 ya pato la taifa. Sheria, basi, tunazo. Lakini hesabu za Kenya za mwaka 2010 zilionyesha matumizi ya asilimia 0.79, na karibu nusu ya fedha hizo zilitoka nje. Kenya si mbaya kuliko majirani. Twaitaja kwa sababu ilijihesabu hadharani. Asilimia ya kwanza hutajwa katika kila mkutano. Ile nusu haitajwi, na kwetu sisi ndiyo yenye kutisha.

Maana fedha ya mgeni huja na muda wake. Mradi wa miaka mitatu, ripoti kila robo mwaka, matokeo yaonekane kabla mfadhili hajabadili bunge lake. Mche wa muhogo haulijui bunge la mtu. Mwaka 2021 Uingereza ilipunguza misaada yake, na miradi ya utafiti iliyokwisha anza katika nchi nyingi ikakatwa katikati. Mwaka 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje kwa amri ya siku moja, na kufikia Julai shirika lake la misaada lilikuwa limefungwa. Majaribio ya dawa na ya mbegu yakasimama huku wagonjwa wamekwisha kuandikishwa na miche imekwisha kupandwa. Wengi walilalamika kwamba Wamarekani wametutenda vibaya. Sisi twaona lawama hiyo imeelekezwa pembeni. Fedha ni zao. Wanaweza kuzitoa na kuzizuia. Aibu ni yetu, tulioweka roho ya kazi ya vizazi katika mfuko ambao ufunguo wake hatuna. Waliosema mtegemea cha nduguye hufa maskini hawakuwa wakizungumza juu ya ndugu mbaya.

Huenda mwalimu mmoja akatukumbusha kwamba Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilitufundisha kuwa fedha si msingi wa maendeleo, na sasa sisi twaililia fedha. Ukumbusho huo ni wa haki. Azimio lilikataa kuegemea fedha, hasa za wengine. Halikusema kwamba mtafiti ale upepo. Na kama tungalishika fundisho lake, tungalianza na vitu tunavyoweza kuvilipa wenyewe kila mwaka bila kukosa, hata kama ni vidogo. Kasoro yetu si kwamba tumetenga kidogo. Kasoro ni kwamba hicho kidogo hutengwa mwaka huu, kikapunguzwa mwaka ujao, kikacheleweshwa wa tatu, hata mtafiti kijana akakimbilia mahali penye mshahara wa uhakika na shamba lake la majaribio likawa malisho. Afadhali shilingi moja ya kila mwaka kwa miaka thelathini kuliko thelathini za mwaka mmoja wenye uchaguzi.

Brazili, alikotoka muhogo, yaweza kutufundisha hapa. Mwaka 1973, ikiwa nchi yenye maskini wengi na madeni, iliunda shirika la serikali la utafiti wa kilimo, Embrapa. Ikapeleka vijana wake wengi kusoma, na iliporudisha vijana hao ikawalipa wakae. Ardhi kubwa ya katikati ya nchi hiyo ilikuwa na udongo mchungu uliodhaniwa haufai. Watafiti wakautibu kwa chokaa, wakazalisha soya iwezayo kuvumilia nchi za joto. Leo Brazili ndiyo izalishayo soya nyingi kuliko nchi yoyote duniani. Wapo wanaoilaumu, na kwa haki, kwa misitu na mbuga zilizofyekwa. Hata hivyo lawama hiyo nayo ni juu ya uamuzi walioufanya wenyewe, kwa maarifa yao wenyewe, na wenyewe wanaweza kuubadili.

Tungekuwa wanafiki kama tungewaacha watafiti wetu bila neno. Fedha chache zilizopatikana zimewahi kuliwa na semina, posho na magari. Ripoti zimeandikwa kwa Kiingereza kigumu, zikafungiwa kabatini, na mkulima aliyetoa shamba lake kwa majaribio hakuambiwa majaribio yalijibu nini. Mtafiti wa namna hiyo akikatiwa fedha, nani wa kumlilia? Kodi ya mwenye muhogo ikilipia utafiti, mwenye muhogo ana haki ya kusomewa matokeo kwa lugha anayoijua. Wala asituambie mtu kwamba Kiswahili hakiwezi. Wakulima walikwisha ipa namba 46106/27 jina, wala hawakuitisha kamati.

Twataka, basi, nini? Twataka fungu la utafiti litajwe bungeni kwa jina lake, na itajwe pia sehemu yake iliyotoka nje, ili kila mwananchi aone ni maswali mangapi ya nchi yanayoulizwa kwa fedha za watu wengine. Twataka kazi za muda mrefu, kama vile uzalishaji wa mbegu, upimaji wa mvua na udongo, na ukusanyaji wa lugha zetu, zilipwe kwa kodi yetu peke yake, na fedha za wageni zikija ziwe nyongeza, ziondokapo pasife kitu. Mgeni akileta kitoweo hatukikatai. Lakini ugali uwe umekwisha pikwa.

Na kwa walimu tuna ombi dogo. Kituo cha Naliendele, Mtwara, ambacho sasa ni cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo, TARI, kimeushughulikia muhogo kwa miaka mingi. Ukiriguru, Mlingano na Lyamungu vingali vipo. Wanafunzi wengi wanaoishi karibu na vituo hivyo hulipita lango lake kila siku bila kuingia. Wapelekeni. Waulize kinachofanywa humo, nani anayekilipia, na kitafanywaje fedha hizo zikikoma. Kisha warudi nyumbani wakawaulize bibi zao majina ya mihogo iliyomo shambani, ni ipi haiozi na ilitoka kwa nani, wayaandike majibu yote katika daftari moja, na daftari hilo libaki shuleni kwa ajili ya darasa lijalo.